Kitunga Kilichobaki kwa Mzee Ramazani

Albertville, mwezi wa sita, 1959

Mama yangu mzazi,

Nakuamkia kwa mikono miwili, wewe na Baba, kutoka huku kusini mwa ziwa. Karatasi hii ikukute umekaa, umekunywa uji wako, na mgongo umekupa nafasi. Mmeamkaje hapo Lweba? Goti la Baba linasemaje na upepo huu wa kiangazi? Na yule mbuzi wa pembe moja, bado anaingia kanisani wakati wa mahubiri? Sisi tu wazima. Yona mume wangu anakwenda kazini, mimi nanyonyesha, na mjukuu wako ananyonya kama mtu anayelipwa. Ndiyo, Mama, amezaliwa. Ni msichana, ana siku kumi na nane, na masikio yake ni yako kabisa, yale ya kusikia hata yasiyosemwa. Jina bado, tunangoja neno lako.

Furaha, mdogo wangu, wewe unayesoma, simama kidogo hapa. Angalia kama Baba yumo ndani. Kama yumo, soma habari za mtoto tu, kisha ikunje barua mpaka aende shambani. Kuna neno humu la Mama peke yake, na baadaye yeye ataamua nani mwingine alisikie. Tena usiruke mistari. Nakujua, ukichoka unaruka.

Mama, barua ya Furaha ilinifikia Ijumaa. Imeniambia kwamba Mzee Ramazani amefariki, jirani yetu wa nyumba ya mabati, na kwamba wamemzika kule mjini Baraka, kwa wazee wake. Nililia mpaka mtoto naye akalia, jirani akaja kuuliza kama kuna mtu amenipiga. Furaha ameniambia pia kwamba wewe hukwenda kwenye kilio. Mzee wa kanisa alisema watu wa kanisa hawakai mahali panaposomwa maneno ya dini nyingine, nawe ukamwambia Furaha, "Mungu ndiye alimutuma ule muzee. Mungu nilisha mushukuru. Inatosha." Neno hilo limenichoma kama ganda kavu la pamba linavyochoma kidole, na tangu Ijumaa sijalitoa.

Nimehesabu siku. Boti inayobeba barua hii ikifika, arobaini ya Mzee Ramazani itakuwa imebakiza kama wiki moja. Watu wake watakusanyika tena hapo nyumbani kwake, watapika, watamwombea, na kilio kitaisha. Nataka uwe umekaa nao siku hiyo. Ningekuwa na nguvu ya kusafiri ningekuja mwenyewe nikushike mkono, lakini mtoto bado mbichi na Yona hataki hata kusikia. Kwa hiyo nakutumia kitu nilichokificha miaka tisa. Nivumilie, nianze mbali.

Huku tunakaa katika nyumba za matofali za wafanyakazi wa reli, zimepangwa mistari kama mistari ya pamba, na mtu mlevi anaweza kuingia kwa jirani akadhani ni kwake. Imeshatokea. Asubuhi honi ya karakana inalia, wanaume wote wanatoka kwa mara moja, na sisi wanawake tunabaki na kelele ya treni. Jumamosi tunapewa posho, lakini unga ni wa mahindi. Majirani zangu Waluba wanaupenda. Mimi nakula, nashiba, kisha nakaa nikitamani bugali bwa muhogo, ule unaovutika, pamoja na sombe, majani ya muhogo yaliyoungwa kwa mawese yako. Ziwa ni lile lile linaloosha miguu yenu, ila huku linanuka makaa na mafuta ya mashine. Wakati mwingine nasimama ufukweni naangalia upande wa kaskazini, ingawa najua milima ya Ubwari haionekani kutoka hapa hata mtu awe na macho ya tai.

Nilipanda maharage yako nyuma ya nyumba, yale uliyonifungia kwenye kitambaa siku ya kuondoka. Yakatoa maua. Msimamizi wa nyumba akapita, akasema maharage yanaleta mbu, niyang'oe. Niliyang'oa huku nalia kama mjinga. Mawili yenye mizizi nikayahamishia kwenye beseni bovu ndani, chini ya dirisha, na moja limezaa. Kila nikilimwagilia nakumbuka kile kibuyu cha mbegu kilichoning'inia juu ya meko yetu. Na nikikumbuka kibuyu, nakumbuka mwaka ule.

Wewe unaujua mwaka ule kuliko mimi, Mama, lakini hujui ninavyoukumbuka. Nilikuwa na miaka kumi. Samweli alikuwa amezaliwa karibuni, wewe miguu imevimba, na Baba alichelewa kupanda pamba ya lazima kwa sababu alikuwa akikuuguza. Moniteri wa pamba, yule mkaguzi wa serikali, alikuja na kitabu chake, akapita mistari akihesabu, akaandika jina la Baba. Baada ya siku chache wakamchukua kwenda boloko, kufungwa gerezani huko juu Fizi. Naukumbuka mgongo wake akipanda njia ya mlima, ameshika kofia mkononi kana kwamba anaingia kanisani. Hakugeuka, nami nilimkasirikia kwa kutogeuka. Siku hizi nina mtoto, najua kwa nini hakugeuka.

Pamba haikungoja Baba arudi. Furaha alikuwa kwa shangazi Makobola, kwa hiyo ilibidi tuipalilie mimi na wewe, na Samweli tumemlaza chini ya kitenge. Tukiwa kwenye pamba, muhogo ulikuwa hauna mlinzi. Nguruwe wa porini walikuja mchana kweupe, wakachimba mstari kwa mstari kama watu waliotumwa na moniteri. Siku tulipokwenda kuchimba tulikuta mashimo. Ulikaa chini ukacheka, Mama. Nilikuwa sijakuona ukicheka hivyo, na niliogopa kuliko kama ungelia.

Hata hivyo, nikiwa huku, si njaa ninayoikumbuka kwanza. Nakumbuka sauti yako ukiimba nyimbo za kanisa katikati ya pamba, ukisahau maneno na kuweka ya kwako. Nakumbuka majani ya matembele uliyoyapika bila chumvi ukaniambia ni chakula cha wageni wa heshima. Nakumbuka ulivyonipa nafasi ya kulala karibu na meko. Ningerudishiwa zile asubuhi zote, pamoja na njaa yake, ningezichukua.

Kisha tukabaki na kibuyu tu. Maharage ya mbegu, yamechanganywa na majivu, mdomo umezibwa kwa udongo. Ulisema mbegu ile ilitoka kwa bibi mzaa mama yako, na ikiliwa hatutakuwa na cha kutia ardhini mvua ikinyesha. Ulikishusha mara ya kwanza, ukakipakata, ukakirudisha. Ukakishusha mara ya pili, ukakirudisha. Mara ya tatu ulivunja udongo wa mdomoni. Sufuria ya maji ilikuwa imeshachemka. Samweli alikuwa ameacha kulia, na ukimya wake ndio uliokufanya uvunje ule udongo. Ulinitazama, kibuyu kiko wazi mapajani, ukasema, "Riziki, ondoka uende kuomba. Leo kama hatuombe, tutakufa."

Hapo ndipo nilipokosea, Mama.

Wiki ile alikuwa amekuja mama mhubiri kutoka misioni, mkakutana naye wanawake wote. Mimi sikuwepo, nilikuwa nafukuza nguruwe. Mlirudi na neno jipya. Zamani nyumbani kwetu tulisema kusali. Tunakwenda kusali, tumetoka kusali. Kuomba kulikuwa kuomba chumvi au kuomba moto kwa jirani. Nawe ulikuwa umelipenda lile neno la mhubiri mpaka ukaanza kulitumia bila kunieleza. Uliposema niende kuomba, ulitaka niende kanisani kwenye sala ya asubuhi kwa sababu asubuhi hiyo miguu yako haikuweza. Mimi nilisikia kwamba mambo yameharibika kabisa, mpaka Mama ananituma kuomba chakula.

Sheria ya Baba niliijua. Moto na chumvi mtu anaomba, chakula haombi. Nyumba yetu ilikuwa inafunga tumbo na kukaa kimya. Ndiyo maana sikukuuliza mara mbili. Nilidhani neno limekutoka kwa shida, nikaona haya kukufanya ulirudie. Nikachukua kitunga chako, kile chenye uzi mwekundu ukingoni, nikatoka nacho nyuma ya nyumba usinione.

Nyumba iliyokuwa na moshi asubuhi ile ilikuwa moja, ya Mzee Ramazani. Unajua tulivyoishi nao wakati ule. Tulisalimiana njiani, lakini wao walikuwa wa msikiti na sisi wa kanisa, nasi hatukula kwao wala wao hawakula kwetu. Nilimkuta uani ananawa kwa ajili ya sala yake, birika mkononi. Nilisimama na kitunga kichwani. Hakunifukuza. Alimaliza kunawa mguu mmoja, akaniuliza nani amenituma, nikasema Mama. Akaniuliza jina, nikasema Riziki.

"Riziki anatafuta riziki," alisema, na ndevu zake zikatabasamu kidogo. "Mama alisema nini? Sema vile vile alisema."

"Alisema niende kuomba. Leo kama hatuombe, tutakufa."

Wakati huo huo, Mama, mwalimu wa kanisa akaanza kugonga kile chuma cha gurudumu kinachotuitia sala. Mzee Ramazani akageuza kichwa akasikiliza mpaka kikanyamaza. Kisha akaweka birika chini na kusema kwa sauti ya chini kabisa:

"Mwanangu, ule chuma uko unasikia, ni kule mama alikutuma. Hakukutuma kwangu."

Nilielewa mara moja. Ardhi haikupasuka kunimeza ingawa niliingoja. Nikamwambia Baba akijua ataniua, na Mama atakufa kwa haya. Naye akanishika bega. Hakuwahi kunigusa kabla ya siku hiyo. Maneno yake nayaandika kama nilivyoyasikia, maana nimeyarudia mwenyewe miaka yote hii:

"Enda kule mama alikutuma, uombe vile alisema. Hii kuomba ingine uiache kwangu, mimi na Mungu tutaimaliza. Na usiseme kwa muntu. Mama yako asijue kama mutoto wake alisimama hapa na kitunga. Mpaka nikufe."

Nilikimbia kanisani. Nilipiga magoti kwenye vumbi, na Mungu anisamehe, sikuomba chakula. Niliomba usijue. Kitunga nilikisahau uani kwake.

Niliporudi ulikuwa mlangoni, umeshika mwimo wa mlango. Mzee Ramazani amesimama mbele yako na mpwa wake, gunia la muhogo mkavu liko chini na ndagala, wale dagaa wa ziwani, wamefungwa kwenye majani. Nilisikia akikuambia kwamba asubuhi katika sala moyo wake umemsukuma akuletee kitu hicho, na kwamba asingependa kuulizwa zaidi. Hakunitazama hata kidogo. Ulipiga magoti pale pale, nami nikapiga magoti nyuma yako. Kisha uliingia ndani ukachukua udongo, ukauziba tena mdomo wa kile kibuyu. Ukaulainisha kwa kidole gumba.

Alikuja tena mara mbili kabla ya mvua, unakumbuka. Kila mara alisema moyo umemsukuma. Mvua ikanyesha, tukapanda, na Baba aliporudi kutoka boloko, mbavu nje, alikuta maharage yana maua. Aliuliza tulikula nini. Ukamwambia Mungu alimtuma Mzee Ramazani. Baba akavaa kofia yake, akaenda kushukuru akiwa ameinua kichwa. Kama angejua kwamba binti yake alikwenda kuomba chakula, asingeweza kuinua kichwa kile. Mzee Ramazani alilijua hilo kabla yetu sote.

Tangu hapo kila sikukuu ya mavuno unasimama kanisani na bakuli la maharage, unashuhudia. Unasema, "Hakuna kinywa cha muntu kilimwambia." Watu wanasema amina, na mimi naangalia vidole vyangu vya miguu. Kulikuwa na kinywa, Mama. Kilikuwa changu, na kilikosea neno.

Miaka yote hii niliogopa mambo mawili. La kwanza, haya yako. La pili kubwa zaidi, niliogopa kwamba nikisema, nitakunyang'anya ule ushuhuda, nawe hutakuwa na kitu cha kusimamia. Lakini sasa nikikaa na mtoto huyu kifuani nafikiri vingine. Ulituma sala, ikafika. Mimi niliibeba vibaya nikaipeleka mlango mwingine, na mwenye mlango akaipokea, akanirudisha kule ulikonituma, kisha akaijibu kwa jasho lake. Mungu hakupungua kwa hilo. Ila wewe unashukuru Mungu na kumsahau mtu, kana kwamba Mzee Ramazani alikuwa punda tu wa kubeba gunia. Nisamehe kukuambia hivyo. Nakupenda, ndiyo maana nakuambia. Alibeba gunia siku tatu, na haya yetu aliibeba miaka tisa mpaka kaburini.

Tena kuna jambo moja. Wiki ya harusi yangu nilikwenda kumuaga mkewe, Bibi Zaina. Alinipeleka jikoni. Pale chini ya dari, katikati ya moshi, kinaning'inia kitunga chako. Kimekuwa cheusi, anawekea vitunguu, lakini ule uzi mwekundu bado unaonekana. Unakumbuka ulivyokitafuta? Ulimsingizia shangazi wa Makobola mpaka mkanuniana mwezi mzima. Nilimuuliza Bibi Zaina kwa nini hawakukirudisha. Akasema mzee alikataza, kwa sababu kingeingia nyumbani kwetu kingesema.

Basi Mama, arobaini hii ni deni langu na lako. Kuhusu mzee wa kanisa, mwambie kwa heshima kwamba huendi kubadili dini, unakwenda kwa jirani. Akikataa, mwambie aje aniulize mimi Albertville, nauli ajilipie. Kushuhudia uendelee kushuhudia, usiache. Ongeza tu kile kinywa, siku moyo wako utakapokuwa tayari, na siku Baba atakapokuwa tayari.

Nisalimie Baba, mwambie mjukuu wake hageuki nyuma akiitwa, amemrithi. Nisalimie Samweli, asiache shule kwa ajili ya kuvua. Msalimie mjomba wangu mshona nyavu, na shangazi wa Makobola, tena umwombe radhi kwa ajili ya kitunga. Msalimie mwalimu wa kanisa anayegonga kile chuma. Na yule bibi muuza mawese wa njiapanda mwambie huku mawese hayana harufu. Yona anakuamkia kwa kuinama.

Shusha kile kibuyu, Mama. Chota maharage, yale yale ya bibi, uyafunge kwenye kitenge safi. Ukifika, ingia moja kwa moja jikoni kwa Bibi Zaina, ukishushe kitunga chako, ukijaze, kisha ukirudishe kilipokuwa. Kibaki huko. Watu wa msiba wakikuuliza umekuja kufanya nini, waambie umekuja kuomba. Bibi Zaina atajua ni kuomba gani.

Mimi binti yako niliyekosea mlango,

Riziki